Visubi wa Chumba cha Mbele

Shangazi yangu alifanya kazi miaka ishirini na sita katika chumba ambacho wagonjwa hawakijui. Kilikuwa mwisho wa korido, nyuma ya chumba cha upasuaji, na ndani yake kulikuwa na mtambo wa mvuke uliokoroma kama mzee aliyelala chali. Makasi, koleo, visu, sindano za kushonea, vyote vilipita mikononi mwake. Viliingia na damu vikatoka vinameta. Wenzake walimbandika jina la Chemsha, nalo likamfuata mpaka mtaani. Hata sisi watoto wa kaka yake tulilitumia, akiwa hayupo.

Kwake ulinawa mikono kwanza, salamu baadaye. Dada yake mkubwa alikuwa akisema, "Kwa mdogo wangu hata sisimizi hupiga hodi."

Hospitali ilipopata mtambo mpya, na vijana waliousomea, wakubwa walimshika mkono, wakampa saa ya ukutani, wakamwambia akapumzike. Kupumzika hakukujua. Haukupita mwezi akaanza kuotesha miche ya mboga ndani ya nyumba yake: nyanya, pilipili hoho, biringanya, kabichi. Nje hapakufaa. Uani kulikuwa na saruji tupu, na pale penye udongo kuku wa jirani walikwisha kujimilikisha. Mvua nayo ikianza ilipiga miche michanga ikailaza chini kama nywele zilizolowa.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na dirisha pana, jua la asubuhi likiingia mpaka ukutani. Cha nyuma, alimolala, ulishuka ngazi mbili kukifikia, na hewa yake ilipita kwenye tundu lisilozidi ukubwa wa kitabu. Chini ya dirisha la mbele alipigilia kichanja cha mbao chenye ghorofa tatu, akapanga trei zake za miche, na watu wakaanza kuja. Miche yake ilishika. Ukiipanda leo, kesho imesimama. Mimi ni mshonaji, kibanda changu hakiko mbali na kwake, na wateja wangu wengi walikuwa wakipitia kwangu wameshika miche yake iliyofungwa kwenye gazeti.

Kisha dada yake akapigwa na kiharusi.

Huyu tulimwita Shangazi Mkubwa. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni, mwanamke aliyesonga sufuria za watoto mia nne kwa mwiko mrefu kama kasia, na ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumwendea na sahani akarudi nayo tupu. Mwanawe wa pekee alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Leo mpaka huu, kesho mpaka ule. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na kikauvuta mdomo kidogo. Akili hakikuigusa.

"Atakaa kwangu," Chemsha alisema pale hospitalini, kabla hajaulizwa na mtu. "Mimi ndiye nina nafasi."

Nafasi hakuwa nayo. Alimpa chumba cha mbele, chenye mwanga, kitanda kikitazamana na kichanja cha miche, yeye akabaki nyuma. Alimwogesha, akamgeuza, akamlisha, akamkanda mguu kila asubuhi na mafuta ya nazi. Mimi nilikuja Jumamosi kusaidia kufua. Miezi mitatu ya kwanza nilisikia vicheko humo ndani. Shangazi Mkubwa alianza kusimama, kisha kujikokota hatua mbili tatu akishika ukingo wa kitanda, halafu mbao za kichanja.

"Wanafunzi wangu hawa," aliniambia siku moja, akionyesha miche kwa kidevu. "Wanakua bila kelele. Wale wa shule walikuwa wananililia chumvi."

Visubi walianza mwezi wa nne.

Mwanzoni walikuwa wawili watatu, wadudu weusi wembamba, wadogo kuliko mbu, wanaokimbia juu ya udongo zaidi ya wanavyoruka. Hawaumi. Ndiyo maana mtu huwadharau. Baada ya wiki mbili ukigusa trei wanainuka kama majivu. Waliingia kwenye chai. Walitua kwenye pembe ya mdomo wa Shangazi Mkubwa, upande usio na hisia, naye asijue mpaka mtu amfute.

Kwa Chemsha hili lilikuwa tusi. Alilaumu gunia la samadi aliloletewa na mkulima mmoja, samadi ambayo haikuwa imeoza sawasawa. Alilibeba mwenyewe akalitupa. Akakatakata kiazi kibichi vipande vyembamba, akavilaza juu ya udongo wa kila trei, na baada ya siku mbili akavigeuza. Aliniita nione. Chini ya kila kipande kulikuwa na funza waliokonda kama uzi mweupe, kila mmoja na kichwa cheusi kinachong'aa.

"Hawa ndio wenye kazi," alisema. "Wale wanaoruka ni wazazi tu. Hawa wanakula ukungu ulio kwenye udongo, ukungu ukiisha wanakula mizizi. Na mzizi ukishatobolewa, ugonjwa unaingia."

Akafanya kama alivyofanya miaka ishirini na sita. Alipasha udongo mpya kwenye nusu pipa, juu ya moto, gunia lililolowa likiwa kifuniko, mpaka mvuke ukapenya wote. Trei zote alizisugua kwa sabuni na dawa ya madoa. Udongo uliobaki akaufungia kwenye ndoo zenye mifuniko. Vipande vya plastiki ya njano alivipaka grisi na kuvitundika juu ya miche, visubi wakanata humo kama ufuta. Tena akaacha kumwagia maji juu. Alitia maji kwenye beseni, akaitumbukiza trei ikanywe kutoka chini, akaitoa, na hakuirudia mpaka ngozi ya juu ya udongo ikauke na kupasuka kidogo.

"Hawa hawazai pakavu," alinifundisha. "Udongo wa juu ukiwa mkavu, mayai yanakufa. Dawa yote ni hiyo. Mengine ni kusaidia tu."

Visubi walipungua kwa wiki moja. Kisha wakarudi, wengi kuliko kwanza.

Wakati huohuo mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wakulima aliagiza miche mia sita ya nyanya. Walikuwa wamepata shamba kando ya mto, limeshalimwa, na walikuwa wakihesabu siku za mvua. Chemsha hakuwahi kupata kazi kubwa kama ile. Alipanda trei mpya kwenye udongo mpya. Miche ikaota vizuri, shingo nyekundu, majani mawili mawili. Ilipofikia urefu wa kidole, asubuhi moja ikaanza kuanguka. Mche unausimamisha, shingo imenyauka pale inapogusana na udongo, laini kama uzi uliotafunwa. Wakulima huuita kinyausi. Kufikia adhuhuri nusu ya trei zilikuwa zimelala.

Ilikuwa Jumamosi, na mimi nilikuwepo. Nilimwona akitia kidole kwenye udongo wa trei moja, akakitoa, akakitazama. Akaenda trei ya pili. Ya tatu.

"Umemwagia wewe?" aliniuliza.

"Mimi? Nimefika sasa hivi."

"Sijazinywesha tangu Jumatano. Huu udongo umelowa leo."

Akageuka taratibu. Shangazi Mkubwa alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni. Kando yake, juu ya stuli, kulikuwa na kikombe cha bati cha maji yake ya kunywa. Chemsha alikichukua akachungulia ndani. Chini kulikuwa na chembe za udongo.

"Dada."

"Mdogo wangu."

"Unamwagia miche?"

Shangazi Mkubwa hakukana. "Kidogo tu," alisema kwa ule ulimi wake uliokuwa mzito. "Ukitoka. Udongo unapasuka, mdogo wangu. Nashinda natazamana nao. Siwezi kukaa na kiumbe kina kiu na maji ninayo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoweza kusimama."

Ningeweza kusema kitu hapo. Ningeweza kucheka, kwa sababu ilikuwa nusu ya kuchekesha: mmoja anapika udongo na kutundika grisi, mwingine nyuma yake anajikokota na kikombe, akimwagia visubi uhai. Lakini Chemsha hakucheka.

"Miezi miwili," alisema. "Miezi miwili napigana na wadudu humu ndani kumbe mdudu nalala naye nyumba moja. Mungu amekuachia mkono mmoja tu, Dada, na huo nao kazi yake ni kuharibu."

Ulimi hauna mfupa, lakini maneno yale yalitua kama yana mifupa. Shangazi Mkubwa alifumba macho. Machozi yalimtoka upande mmoja, ule mzima.

"Sitarudia," alisema.

Chemsha alimwendea mwenyekiti, akamwambia ukweli kwamba miche imekufa, akaomba wiki tano aanze upya. Mwenyekiti alikubali shingo upande. Alirudi, akapasha udongo tena, akapanda tena, na safari hii alifunika kila trei kwa tabaka la mchanga mkavu uliooshwa, ili hata kisubi akitaka kutaga asipate pa kushika. Siku ya sita akatia kidole kwenye mchanga. Umelowa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinifuata kibandani akanikuta nimekaa kwenye cherehani, akasimama mlangoni.

"Njoo unisaidie kuhamisha kitanda," alisema.

"Kwenda wapi?"

"Nyuma."

"Shangazi, kule nyuma hakuna..."

"Ni wiki nne. Visubi wanahitaji karibu mwezi mmoja wa ukavu kizazi chao kikatike. Miche ikitoka, anarudi mbele. Unataka nifanyeje? Nimfunge mkono?"

Nilisema kwamba tungeweza kuhamisha miche badala ya mtu. Akaniuliza itaotaje gizani. Nilizima cherehani nikamfuata.

Shangazi Mkubwa alituangalia tulipoingia, akaelewa. "Mnanipeleka wapi, wanangu?" aliuliza hata hivyo, akijaribu kutabasamu. "Nimefukuzwa shule?"

"Wiki nne, Dada," Chemsha alisema. "Nne tu."

"Sawa, mdogo wangu. Mwenye nyumba ni wewe."

Kwanza tulimhamisha yeye, tukambeba kwenye kiti, kisha kitanda. Chemsha alishika upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni. Zile ngazi mbili zilitusumbua. Nakumbuka nilijigonga goti ukutani, nikaona uchungu wa goti, nikawaza habari za goti langu.

Sitasema Chemsha alimtupa dada yake. Alimwogesha kama kawaida, akamkanda mguu, akaweka taa, na usiku alilaza godoro lake sakafuni miguuni pa kitanda, si mbele. Chakula kilikuwa kilekile. Redio ilihamishwa naye. Lakini mchana Chemsha alikuwa mbele na miche au sokoni, na Shangazi Mkubwa hakuweza kupanda ngazi zile mbili. Alilala akitazama ukuta. Jumamosi ya kwanza nilimkuta anasikiliza redio. Jumamosi ya pili redio ilikuwa imezimwa.

"Betri zimeisha?" niliuliza.

"Hapana."

"Nikuwashie?"

"Acha tu, mama. Wanaongea sana."

Nikamuuliza kama anataka nimwambie Shangazi amrudishe mbele mapema.

"Miche imesimama?" aliuliza.

"Imesimama. Mizuri sana."

"Basi mwache aimalize. Mimi nimekwisha kumharibia mara mbili."

Alianza kuacha chakula. Si kwa kususa. Alikula vijiko vitatu, akashukuru, akasema ameshiba. Mtu aliyelisha watoto mia nne alikuwa anashiba kwa vijiko vitatu. Chemsha alimsagia matunda, akamletea daktari wa zahanati, naye akapima mapigo, akaandika vitamini. Mguu aliokuwa ameanza kuukanyaga ulirudi kulegea. Mgongoni palianza kidonda kidogo, na Chemsha, ambaye maishani mwake alihakikisha kidonda cha mtu mwingine hakipati uchafu, alikiosha kutwa mara tatu.

"Wiki ijayo unarudi mbele," nilimsikia akimwambia. "Nimekununulia pazia jipya."

"Haya."

Chumba cha mbele kilikuwa kimetakata. Vipande vya kiazi ukivigeuza, vyeupe, hakuna kitu. Plastiki za njano zilining'inia siku kumi bila kisubi hata mmoja. Miche mia sita, na ziada, ilisimama na mashina manene kama penseli, mizizi imeshikamana na udongo bila jeraha. Mwenyekiti alipokuja kuiangalia aliita wenzake wawili nao waone.

Siku ya kupeleka ilikuwa Alhamisi. Gari dogo la mizigo lilikuja saa mbili asubuhi. Chemsha alimpa dada yake uji, akamgeuza, akamwambia, "Nikirudi tu, tunahama." Shangazi Mkubwa akamwambia asibane trei kwenye gari, miche isivunjike. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyosema, kadiri tunavyojua. Chemsha alikwenda mpaka shambani kwa sababu hakuwaamini wapandaji. Alirudi saa saba kasoro. Alinipitia kibandani, viatu vina tope, amechangamka kama ambavyo sikuwa nimemwona tangu astaafu.

"Twende tumrudishe bibi mkubwa kwenye kiti chake," alisema.

Aliingia yeye kwanza. Mimi nilikuwa bado barazani nikivua viatu nilipomsikia akiita, "Dada." Kisha tena, "Dada," kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza. Nilipofika alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, vidole viwili shingoni mwa dada yake, akitafuta mpigo ambao mtu wa hospitali kama yeye alijua kwamba hautapatikana. Mwili ulikuwa umepoa. Daktari alisema moyo, tena kwamba baada ya kiharusi jambo hilo hutokea popote, chumba chochote. Huenda ni kweli.

Majirani walikuja. Chemsha hakulia mbele yao. Alipokea wageni, akaonyesha pa kukaa, akawahimiza kunawa mikono, na watu wakanong'onezana kwamba ana roho ngumu. Mwana wa marehemu alifika siku ya pili, macho mekundu kwa kuendesha bila kulala. Baada ya maziko alimshika Chemsha mikono yote miwili mbele yetu.

"Mama mdogo, sina la kukulipa," alisema. "Umemtunza mama yangu kuliko nilivyomtunza mimi. Amekufa mikononi mwa mtu wake."

Wengi wetu tungeitikia amina tukanyamaza. Chemsha alimtazama.

"Hakufa mikononi mwangu," alisema. "Alikufa peke yake, chumba cha nyuma. Nilimtoa mbele nikamweka huko wiki nne na siku tatu, kwa sababu alikuwa anamwagia miche yangu maji. Na kabla ya hapo nilimwambia kwamba mkono wake kazi yake ni kuharibu."

Dereva hakuelewa. Alinigeukia mimi. "Anasema nini?"

"Anasema kweli," nilijibu. "Nami nilibeba kitanda."

Aliiachia mikono ya Chemsha. Aliingia ndani, akasimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma kwa muda, halafu akasimama cha mbele, penye dirisha na kichanja kitupu. Tulimsikia akifungua na kufunga sanduku la mama yake. Alitoka nalo begani. "Miche," alisema, si kwa mtu yeyote. Akapanda lori lake. Mpaka leo simu ya Chemsha haipokei, na yangu aliipokea mara moja tu, akasikiliza, akakata.

Nilidhani Chemsha angeacha kazi ile. Hakuacha. Nilipomuuliza alinijibu kwa ukali kidogo, "Nikiacha atakuwa amehamishwa kwa ajili ya nini?" Hakurudia kusema hivyo, nami sikurudia kuuliza.

Msimu uliofuata mwenyekiti alimwomba awafundishe wanawake wa kikundi waoteshe wenyewe. Walikuja kumi na wawili, wakajazana chumba cha mbele. Niliketi nyuma yao. Aliwaeleza yote kwa utulivu: samadi iive, udongo upashwe, ndoo zifunikwe, trei zinywe kwa chini, mchanga juu, na uvumilivu wa kuuacha udongo ukauke hata roho ikikusuta. Mwanamke mmoja kijana, mwenye mimba, akanyoosha mkono.

"Mama, sisi tunakaa chumba kimoja na mama mkwe wangu, naye ni mgonjwa. Miche niiweke wapi?"

Wengine walimgeukia Chemsha, kalamu tayari. Alichukua trei moja tupu, akaipangusa ukingo kwa kiganja.

"Mama mkwe wako anaweza kukaa kitako?" aliuliza hatimaye.

"Anaweza."

"Mpe trei moja iwe yake. Amwagie anavyotaka. Iweke mbali na zako, ifunikwe chandarua, na wewe hesabu kwamba hiyo imekufa." Akairudisha trei kichanjani. "Ikifa, mpandie nyingine."

Mwanamke aliandika. Chemsha alisubiri amalize, kisha akaendelea na habari za kiazi.